Nyimbo za watu kwenye albamu yenu: jibu kwa mwimbaji wa Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwimbaji, niko Tanga, na wenzangu watatu tuna kikundi kidogo: magitaa mawili, besi na tumba. Juzi rafiki alinirushia albamu ya Yo La Tengo, bendi ya Marekani, ya mwaka 2015, Stuff Like That There. Nimeipenda mno, kisha nikaambiwa kwamba nyimbo nyingi humo si zao. Kaka yangu anasema bendi ikifika hapo ujue imeishiwa. Je, ni kweli? Na sisi tukitaka kurekodi albamu ya namna hiyo tuanzie wapi? Tuna nyimbo za zamani tunazozipenda, na kuna mbili za marehemu babu, alizokuwa akizipiga harusini, ambazo hazikuwahi kurekodiwa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na la babu ndilo lililonifanya nikae kitako nikujibu kwa urefu. Lakini nianze na kaka yako.

Mwambie aangalie miaka. Yo La Tengo walianza mwaka 1984 huko Hoboken, mji mdogo wa New Jersey unaotazamana na New York ng'ambo ya mto Hudson. Albamu yao ya kwanza ya nyimbo za watu haikuwa hii uliyotumiwa. Ilikuwa Fakebook, ya mwaka 1990. Zaidi ya nusu ya nyimbo zake ni za wengine: Cat Stevens, John Cale, The Kinks, Gene Clark, na kadhalika. Kama mwaka 1990 walikuwa wameishiwa, basi I Can Hear the Heart Beating as One ya mwaka 1997, ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele chao, ilitoka wapi? Na baada ya Stuff Like That There waliendelea kutunga. Mwaka 2023 walitoa This Stupid World, albamu ya nyimbo zao wenyewe, yenye makelele na nguvu kama ya vijana. Wapo wanamuziki wanaorudia nyimbo za watu kwa sababu mkataba unadai albamu na daftari halina kitu, hilo sikatai. Hawa sio.

Kwa nini basi wanafanya hivi? Jibu langu ni kwamba bendi hii ilizaliwa kwenye kusikiliza kabla ya kupiga. Ira Kaplan, mpiga gitaa, alikuwa akiandika uchambuzi wa muziki magazetini. Georgia Hubley, mkewe, mpiga drams na mwimbaji, amelelewa na wazazi wasanii, John na Faith Hubley, watengenezaji mashuhuri wa filamu za katuni. James McNew wa besi alijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu watatu wenye makabati ya santuri. Karibu na kwao kuna redio moja inayoishi kwa michango ya wasikilizaji, WFMU ya Jersey City, na tangu mwaka 1996 bendi hii imekuwa ikienda studioni pale wakati wa harambee: msikilizaji anapiga simu, anaahidi fedha, anataja wimbo wowote duniani, na wao wanajaribu kuupiga papo hapo bila mazoezi. Wakikosea, wanakosea hewani. Mwaka 2006 walikusanya baadhi ya rekodi hizo kwenye albamu. Ukizisikiliza utacheka, maana mara nyingine beti zinawapotea kabisa, lakini utasikia pia jambo ambalo mwanamuziki hawezi kulificha: nani anaujua wimbo kwa sikio tu, na nani anaujua kwa mwili.

Kuna rekodi nyingine ya redio hiyo hiyo ambayo siichoki. Mwaka 1990 Daniel Johnston, mtunzi wa Speeding Motorcycle, aliimba wimbo wake huo kwa simu, sauti yake ikipita kwenye waya mwembamba wa simu huku Yo La Tengo wakimpigia muziki studioni. Sauti inapwaya, yeye anatangulia, wao wanamfuata, wanamngoja. Mtunzi yuko mbali na bendi imekaa chini ya sauti yake kama mkeka. Ukitaka kujua adabu ya kupiga wimbo wa mtu, anza kwa kusikiliza hiyo.

Sasa turudi kwenye albamu uliyotumiwa. Ina nyimbo 14. Tisa ni za watu. Tatu ni za kwao wenyewe za zamani walizozirudia, na mbili zilikuwa mpya. Huo mchanganyiko ndio unaonigusa. Hank Williams yumo na I'm So Lonesome I Could Cry ya mwaka 1949, wimbo ambao Marekani nzima inaujua. The Cure wamo na Friday I'm in Love. Pembeni yao wamewekwa Great Plains wa Ohio na Antietam, bendi ambazo hata huko kwao si wengi wanaozikumbuka. Na wimbo wa kufungulia mlango si wa Hank Williams wala wa The Cure. Ni wa Darlene McCrea, mmoja wa wanawake waliokuwa wakimwitikia Ray Charles, wimbo ambao haukuvuma. Hakuna aliyepewa kiti cha mbele kwa sababu ya jina. Wote wamekaa kwenye jamvi moja, wanapakuliwa sahani moja.

Hilo halitokei kwa bahati. Limetokana na vyombo. Ira alishika galatone, yaani gitaa kavu lisilo la umeme, James akashika ile besi kubwa ya kusimama, Georgia akapiga drams kwa brashi, na Dave Schramm, aliyekuwa nao kwenye Fakebook miaka 25 nyuma, akarudi na gitaa lake la umeme. Vyombo hivyo hivyo, utulivu ule ule, kwa kila wimbo. Wimbo ukiingia humo unavuliwa nguo ulizokuja nazo na kuvishwa shuka moja na wenzake, ndipo unaona umbo lake.

Chukua Friday I'm in Love. Ya The Cure ya mwaka 1992 ni wimbo wa kung'aa, magitaa yanamemeta kama jua juu ya maji. Hata kanda yenyewe iliongezwa kasi kidogo, na ndiyo maana ukijaribu kupiga pamoja na rekodi ile gitaa lako halikubaliani nayo: wimbo umekaa katikati ya funguo mbili, yaani ngazi mbili za sauti. Ni wimbo wa mtu aliyekwisha kufika Ijumaa. Sasa msikilize Georgia. Anauimba kwa sauti ya chini, karibu na kipaza sauti, bila kuipandisha pale ambapo Robert Smith, mwimbaji wa The Cure, anaipandisha. Brashi zinasugua tu ngozi ya ngoma. Siku za juma zinapita moja moja na huzuni zake, na unaanza kusikia kwamba huyu bado yuko Jumatatu. Ijumaa anaingoja. Maneno hayajabadilika, melodi ni ile ile, lakini msikilizaji amehamishwa siku nne nyuma. Nami mtu wa Pwani, niliyezoea Ijumaa kuwa siku ya kanzu iliyopigwa pasi na sauti za chini, nilihisi kama wimbo huu umepita nyumbani kabla ya kunifikia.

Jambo la pili la kusikiliza humo ni jinsi walivyojirudia wenyewe. Deeper Into Movies ya mwaka 1997 ni ukuta wa gitaa lenye kukwaruza. Sauti zinazama ndani yake hadi maneno huyashiki. Mwaka 2015 waliuondoa ukuta. Kilichobaki ni wimbo mdogo, wenye haya, ambao ulikuwa umejificha mle ndani miaka 18. Hapo kaka yako angepaswa kujiuliza: wametunga wimbo au wamerudia? Mimi naona wimbo wao wenyewe waliutendea kama wa Hank Williams, kitu ambacho rekodi ya kwanza haikukimaliza.

Nikuambie nilivyojifunza hili mimi, maana sikulisoma popote. Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya hoteli moja Pwani ya Kaskazini, Mombasa. Kazi yetu ilikuwa kopi. Wageni wanataka wimbo waliousikia kwao, nasi tunautoa kama ulivyo kwenye kaseti, mpaka pale mpiga solo anapovuta pumzi. Tulijivunia hilo, na ilikuwa haki yetu kujivunia, kwa sababu kukopi sawasawa ni shule. Usiku mmoja mpiga kinanda hakutokea. Kulikuwa na wimbo wa mapenzi ambao kila mtu aliujua kwa ile sehemu ya kinanda ya mwanzoni. Ukiisikia tu, watu wanaingia ukumbini. Hatukuwa nayo. Mwimbaji wetu, mama mmoja wa Kilifi, akaanza peke yake na besi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeupiga wimbo ule kila Jumamosi, na usiku ule ndipo nilipogundua kwamba ni wimbo wa mtu anayeaga. Kinanda kilikuwa kinaufunika. Wageni waliacha kucheza wakasimama wanasikiliza.

Tangu siku hiyo nikisikia wimbo wa kurudia swali langu la kwanza ni: wametoa nini? Siulizi wameongeza nini. Kuongeza ni rahisi, studio yoyote itakuongezea vinanda na viitikio mpaka asubuhi. Cat Power alipoimba Satisfaction ya The Rolling Stones kwenye albamu yake ya nyimbo za watu ya mwaka 2000, alitoa kiitikio chote, yaani ile sehemu ambayo dunia nzima inaijua. Akabaki na beti, gitaa na sauti yake. Ilikuwa kama kumtembelea mtu mashuhuri saa ambayo hana wageni. Kwa upande mwingine, Weezer mwaka 2019 walitoa albamu ya nyimbo za watu ambayo nyingi zimepigwa karibu sawa na za asili. Imepigwa kwa ustadi, na watu waliifurahia. Lakini baada ya kuisikiliza mara mbili nilirudi kwenye rekodi za awali, nisione sababu ya kutoka tena.

Wala usidhani haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Wewe ni mwimbaji wa Tanga, taarabu unaijua. Kijiti, ule wimbo wa mgeni aliyeuawa na muuaji aliyeponyoka, ni wa Siti binti Saad. Yeye aliuimba watu wakiwa bado wanalizungumza tukio barazani. Bi Kidude akaja kuuimba, akauimba mpaka uzeeni, kwa sauti iliyokauka kwa moshi wa sigara. Kwa Siti ilikuwa habari. Kwa Bi Kidude, wahusika wote wakiwa wamekwisha kuzikwa, ikawa shahidi aliyebaki peke yake. Hakuna aliyesema bibi yule ameishiwa.

Haya, kazi yenyewe. Nyimbo mlizo nazo zipangeni, kisha kila mmoja uuimbe bila chombo chochote, umekaa, sauti ya kawaida. Ule unaosimama kwa miguu yake bila gitaa uchukueni. Ule unaohitaji ile sehemu fulani ya solo ili uwe wimbo, uwekeni kando kwa sasa, hata kama mnaupenda sana. Mapenzi yenu yako kwenye rekodi, hayako kwenye wimbo, na rekodi hiyo ipo tayari.

Halafu chagueni vyombo mara moja na msivibadilishe. Magitaa mawili, besi, tumba: inatosha kabisa. Prodyuza atakuja na wazo la kuongeza kinanda kwenye wimbo wa nne na saksafoni kwenye wa saba. Mkatalieni kwa heshima. Kinachofanya nyimbo za miaka tofauti na watu tofauti ziwe albamu moja ni kwamba zimepita kwenye mikono ile ile na chumba kile kile. Ufunguo uhamisheni ukufae wewe, si ule wa mwimbaji wa kwanza. Georgia ni mfano, kushuka kwa sauti kumempa wimbo mpya. Na kasi msiichukue kutoka kwenye kaseti. Imba kama unavyolisema neno lile kwa mtu aliye mbele yako, tumba zikufuate.

Sasa upande wa haki, na hapa naomba uwe makini. Ndani ya rekodi moja mna haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe. Ukiimba upya unagusa ya kwanza tu. Marekani waliipangia njia zamani. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu kule iliamua kwamba zile karatasi za kutobolewa zinazoifanya piano ijipige yenyewe si nakala ya wimbo, watunzi wakatoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata bunge likatunga sheria: mtunzi alipwe senti 2 kwa kila nakala, lakini akisharuhusu wimbo wake urekodiwe mara ya kwanza, mwingine yeyote aweze kuurekodi mradi alipe. Walihofia kampuni moja isije ikakumbatia nyimbo zote. Mpango huo upo hadi leo. Mwaka 2015 kiwango kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika 5. Nyimbo tisa za watu, basi, kwa kiwango kamili, ni kama senti 82 kwa kila nakala ya albamu inayouzwa. Unaweza kuupanga wimbo kwa mtindo wako, ila melodi yake ya msingi usiiguse.

Kwetu msianze kwa kudhani mlango kama huo uko wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Nendeni pale na orodha ya nyimbo, mtafute mwenye kila wimbo au warithi wake, mpate idhini kwa maandishi kabla ya kuingia studio, si baada ya wimbo kupendwa. Najua wapo watakaowaambia nyimbo za zamani ni za wote. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M, umezunguka dunia nzima, na hadi leo watu wanabishana mtunzi ni Fadhili William, aliyeurekodi miaka ya mwanzo ya 1960, au ni Adam Salim. Wimbo uliwatajirisha wengi waliokuwa mbali nao. Kila ninapousikia redioni nakumbuka hilo, na naumia.

Na ndiyo maana za babu yako nimeziacha mpaka hapa. Huzirudii hizo, mwanangu. Rekodi yenu ndiyo itakuwa ya kwanza, na hata kwa ile sheria ya Marekani mara ya kwanza lazima mwenyewe aruhusu. Mwenyewe hayupo, kwa hiyo kaeni kikao na warithi: bibi kama yu hai, wajomba, shangazi, mama yako. Andikeni karatasi moja inayosema mtunzi ni nani, kwa jina lake kamili, na malipo yakija yagawanywe vipi. Zisajilini nyimbo hizo COSOTA kwa jina lake kabla hazijatoka.

Kabla ya hayo, chukua simu yako uwarekodi wazee wanaozikumbuka, mmoja mmoja, kila mtu chumba chake. Kila mmoja atakuimbia tofauti kidogo, na ubeti ambao shangazi ameusahau mjomba atakuwa nao. Usiwasahihishe. Waulize pia harusini wimbo ulipigwa wakati gani: bibi harusi akitoka, au akiingia? Watu walikuwa wamekaa au wamesimama? Majibu hayo yatawaambia kasi ya tumba kuliko mimi. Yo La Tengo wakati wa kuupiga wimbo wa Hank Williams walikuwa na rekodi ya kutoa vitu ndani yake. Ninyi hamna cha kutoa, mnacho cha kukusanya, kwa hiyo kwa nyimbo hizo mbili tu ile kanuni yangu iacheni.

Na zikikamilika msiziweke mwishoni kama nyongeza. Ule mnaoupenda zaidi kati ya hizo mbili ufungue albamu, besi na sauti yako peke yake kwa ubeti mzima, tumba ziingie ubeti wa pili.